Naomba ushauri: Lincoln na hoja ya majimbo kujitenga

Wakuu, naombeni msaada kwenye hoja ya mdahalo. Watetezi wa Abraham Lincoln, rais wa Marekani aliyepigana na majimbo ya kusini yaliyojitenga, hushikilia hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Texas dhidi ya White ya 1869: jimbo haliwezi kujitoa lenyewe. Lakini vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe vilishaisha miaka 4 nyuma, na aliyeandika hukumu, Salmon Chase, alikuwa waziri wa fedha wa Lincoln! Naona tamko la kujitenga la South Carolina, jimbo la kusini, la 24 Desemba 1860 lina uzito zaidi: linalalamika waziwazi kwamba majimbo ya kaskazini yanatumia sheria zao kukataa kurudisha watumwa waliotoroka. Hapo kisingizio kwamba kusini walijitenga kutetea "haki za majimbo" kinaanguka. Kinachonikwamisha ni Aprili 1861: Lincoln aliruhusu watu kushikiliwa bila kufikishwa mahakamani, Bunge likaja kumpa mamlaka hayo kwa sheria Machi 1863. Hilo mnalijibuje bila kulikwepa?