Naombeni ushauri: nimemaliza komyuniti koleji, miaka 2 ya digrii nailipaje?

Wakuu salaam, hasa mlioko Marekani. Nipo Texas na wazazi, tuna grinikadi, nina miaka 22, komyuniti koleji (chuo cha miaka 2) nimemaliza bila deni maana Pell Grant, ile ruzuku ya serikali isiyorudishwa, ililipa karibu yote. Sasa nimepata chuo cha kumalizia uhasibu, barua ya msaada imekuja, nikijumlisha Pell na mkopo wangu wa serikali wa dola 7,500 kwa mwaka bado kuna pengo la kama dola 6,000.

Benki zinataka mtu asaini na mimi, mzee kagoma kabisa, anasema deni la Mzungu halifi. Hata Parent PLUS, mkopo wa serikali anaochukua mzazi, hataki kuomba, fomu kaibana kwa sumaku kwenye friji ipo pale tu, na eti akiomba akakataliwa mimi ndo naongezewa mkopo wa dola 5,000, sasa we mwambie mzee aombe ili akataliwe, si ataona nimechanganyikiwa!

Nawaza niingie weahausi (ghala) inayowalipia wafanyakazi ada nisome mdogomdogo, au nisubiri nifike 24 FAFSA (fomu ya kuombea msaada wa serikali) isinihesabu tena tegemezi wa wazazi. Mliopitia hii mlitokaje?