Wanatuuzia pinki, si kipimo! Boksi la kupimia asidi ya sialiki lililoletwa Malindi ni usanii

Wanajukwaa, assalam alaykum. Naandika nikiwa na hasira, atakayekerwa na apite.

Kuna muuzaji wa vitendanishi, simtaji jina maana sitaki kesi, anayesambaza boksi la kupima kwa rangi asidi ya sialiki, sukari fulani iliyomo kwenye maziwa. Limefika mpaka hapa Malindi, kwenye maabara yetu ndogo tunayopimia maziwa ya mbuzi ya vikundi vya Magarini. Vitendanishi vyenyewe havina neno. Balaa ni kikaratasi cha maelekezo kilichomo ndani. Aliyekiandika ama hajawahi kushika neli maishani, ama alikuwa mbioni kuuza.

Eti chukua maziwa mililita 0.2, tia periodeti (kitendanishi cha kukata sukari), ngoja dakika 20. Tia aseniti ya sodiamu, tikisa. Tia asidi ya thiobabituriki, chemsha dakika 15, soma rangi kwenye spektrofotometa. Kwisha! Ukiona pinki, hiyo ndiyo sialiki yako.

Tukafuata neno kwa neno, majibu yakatoka kwamba maziwa ya kawaida yanaishinda dang'a. Dang'a, jamani! Maziwa ya mwanzo baada ya mnyama kuzaa ndiyo yanayojulikana kwa wingi wa asidi hii. Na kina mama wa kikundi walishaambiwa, wakashaanza kuulizana kama wapandishe bei.

Hebu tulieni niwaeleze kilichomo humo, maana muuzaji nilipompigia alinijibu "hayo ni mambo ya kitaalamu, dada". Haya, na tuyaingie hayo ya kitaalamu.

Njia hii ni ya mtafiti Warren, ya mwaka 1959. Asidi ya sialiki ni sukari yenye kaboni 9. Kwenye mkia wake kuna haidroksili (vijipande vya oksijeni na haidrojeni) zilizokaa jirani jirani, na periodeti kazi yake ni kukata pale haidroksili mbili zinapopakana. Inakata, inakata tena, mpaka kinabaki kipande kidogo kiitwacho asidi ya beta-fomilipiruviki. Hicho ndicho kinachoshikana na asidi ya thiobabituriki, molekuli mbili kwa kipande kimoja, na pinki inatokea. Kwa hiyo rangi tunayoisoma ni ya masalio ya sialiki, na kitu kingine chochote kinachoacha masalio ya namna hiyo kitatia rangi yake humo humo. Aliyeandika kikaratasi, hilo halimhusu.

Sasa, kwenye maziwa sialiki karibu yote imefungwa, ama kwenye protini kama kasini ya kapa, ama kwenye sukari za mnyororo mfupi. Imefungwa kwa kaboni ya 2. Ikishafungwa hapo pete yake haifunguki, na kile kipande cha fomilipiruviki hakipatikani hata ungoje mpaka adhana ya magharibi. Lazima uifungue kwanza: asidi ya salfuriki ya nomali 0.1, nyuzi 80 za Selsiasi, saa nzima. Na usizidishe ukali, utaiharibu yenyewe. Ndani ya boksi hakuna salfuriki wala maelezo ya hatua hiyo. Yaani tumeuziwa kipimo cha sialiki huru tukaambiwa ni cha sialiki yote.

Mtauliza, sasa pinki ilitoka wapi? Hapo ndipo damu inaponichemka. Mafuta yakianza kuchacha hutoa malondialdehidi, nayo ikikutana na asidi ya thiobabituriki hutoa pinki. Ni kitendanishi kile kile wanachotumia watu wa vyakula kupima mafuta yaliyoharibika! Dang'a yetu ililetwa kwenye barafu. Maziwa ya kawaida yalikuja kwa boda, juani, na mafuta yake yote. Basi yaliyoshinda ni yaliyopigwa jua zaidi. Ongezea deoksiribosi inayotoka kwenye DNA ya seli: ikikatwa na periodeti inaishia kwenye malondialdehidi hiyo hiyo. Mbuzi mwenye ugonjwa wa kiwele, ambaye maziwa yake yamejaa seli nyeupe, kwa kikaratasi hiki atatoka bingwa wa Magarini.

Warren aliliona hilo. Pinki ya sialiki kilele chake kiko kwenye mwanga wa wimbi la nanomita 549, ile ya malondialdehidi 532. Ndiyo maana alisoma sehemu zote mbili na kuweka hesabu: 0.090 mara usomaji wa 549, toa 0.033 mara usomaji wa 532, unapata maikromoli. Kikaratasi kinasema "soma 540". Mia tano arubaini! Si huku wala si kule. Na saiklohekzanoni ya kuivutia rangi kutoka kwenye maji hawakuiweka kabisa, bei bila shaka. Mwaka 1976 watafiti Skoza na Mohos walishaonyesha kwamba DMSO, kiyeyushi kingine, inaweza kuituliza rangi hiyo bila saiklohekzanoni. Hata chupa ya DMSO, hakuna.

Hesabu nyingine ya darasani tu. Maziwa mililita 0.2 yenye laktosi (sukari ya maziwa) gramu 4.5 kwa kila mililita 100 yana laktosi maikromoli 26 hivi. Periodeti mililita 0.1 ya molari 0.2 ni maikromoli 20. Kila molekuli ya laktosi inakula periodeti zaidi ya moja. Sialiki itapata nini hapo? Maziwa yanatakiwa yatolewe mafuta, laktosi ipunguzwe au protini itengwe, ndipo uanze.

Na ile aseniti! Kazi yake ni kuizima periodeti iliyobaki, unaona rangi ya kahawia inatokea kisha inapotea ukitikisa. Sawa. Lakini ni aseniki, sumu. Kikaratasi kinasema mabaki "yamwagwe kwenye sinki kwa maji mengi". Sinki letu linaelekea shimoni, na majirani wanachota visimani. Huyu mtu anaishi wapi?

NYONGEZA: Kuna kaka hapo chini kasema tuhamie njia ya resosinoli ya mtafiti Svennerholm, ya 1957, kwa kuwa haihitaji kufungua kwanza. Kweli, ile asidi ya hidrokloriki kali pamoja na moto inafungua yenyewe, na unasoma nanomita 580. Lakini kaka, sukari za kawaida nazo zinatia ukahawia humo, na maziwa yamejaa laktosi. Ukishayasafisha tutaongea.

Na wewe uliyeandika "wanawake na hasira", spektrofotometa haijui nani kaikasirikia.

Ninachotaka: pesa zirudi, risiti ninayo. Kikaratasi kiondolewe sokoni. Kina mama tumeshawaambia wayapuuze majibu yale. Na kama yuko mtu Malindi, Kilifi au Mombasa anayejua mahali panapopokea taka za aseniki kihalali, anitumie ujumbe. Dumu liko kabatini, limefungwa, na hatutalimwaga.