Akina mama wanasema mfumo unaganda alfajiri, SQL inasema uko safi. Nakosea wapi?

BintiKibirizi
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma, natunza mfumo wa oda wa kikundi cha wafanyabiashara wa dagaa. Mitumbwi ikirudi ufukwe wa Kibirizi alfajiri, akina mama wanapokea mzigo na kuingiza bei na kiasi kwenye simu, na mnunuzi aliyeko Dar anaona papo hapo. Tuna seva mbili kwenye wingu la Amazon, mbele yake kuna kisawazisha mzigo cha ALB, kinachogawa maombi ya wateja kati ya seva hizo. Logi zake (kumbukumbu za kila ombi) zinaingia S3, ghala la faili la Amazon, nami naziuliza kwa SQL, lugha ya kuuliza data, kupitia huduma yao ya Athena.

Jana mama mmoja aliniita ufukweni akanionyesha simu yake. Kiduara kinazunguka tu, dagaa kwenye beseni wameanza kulegea, na mnunuzi ameshahamia kwa mtu mwingine. Akaniambia, "Mwanangu, hii hasara nani atanilipa?" Usiku sikupata usingizi.

Nikauliza hivi, wastani wa muda seva inaochukua kujibu:

`SELECT avg(target_processing_time) FROM alb_logi WHERE day = '...' AND hour(from_iso8601_timestamp(time)) BETWEEN 6 AND 8`

Jibu: sekunde 0.41. Lakini mama hadanganyi, nimeona kwa macho yangu. Naombeni msaada.

Mnyamwezi_TBR
Habari dada. Niko Tabora, hizi logi ndizo zinazonilisha. Mama yuko sahihi, na swali lako lina matundu mawili.

La kwanza ni saa. Ile Z mwishoni mwa `time` maana yake ni UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa 3 mbele. Saa 12 asubuhi ya Kibirizi ni 06:00 kwenye simu yako na 03:00 kwenye logi. Ulipoandika 6 hadi 8 ulikuwa unapima kuanzia saa 3 asubuhi hadi karibu saa 6 mchana, soko limeshatulia, mama yuko nyumbani anaanika.

La pili ndilo baya zaidi, nakuomba ulitazame kwa makini. Seva isipojibu mpaka muda wa kusubiri uishe (ALB huanza na sekunde 60 kama hukuubadilisha), mteja anapewa 504, yaani hitilafu ya seva kuchelewa kujibu, na kwenye `target_processing_time` panaandikwa -1. Siyo 60. Sasa chukua maombi 10: 9 yamejibiwa kwa sekunde 2, moja limekwama dakika nzima. Ukweli ni 78 gawanya kwa 10, yaani 7.8. `avg` yako inafanya 18 toa 1, gawanya kwa 10, inakupa 1.7. Kadiri seva inavyozidi kukwama, wastani wako unazidi kupendeza! Nimewahi kumpelekea bosi ripoti ya namna hiyo mwezi mzima, na bado inaniuma.

Zitenge hizo -1 uzihesabu peke yake, na wastani uache. Jaribu hivi:

`SELECT target_ip, split_part(request_url, '?', 1) AS ukurasa,`
`count(*) AS maombi,`
`count_if(target_processing_time < 0) AS bila_jibu,`
`approx_percentile(target_processing_time, 0.95) FILTER (WHERE target_processing_time >= 0) AS p95`
`FROM alb_logi`
`WHERE day = '...' AND hour(from_iso8601_timestamp(time) AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam') BETWEEN 6 AND 8`
`GROUP BY 1, 2 ORDER BY bila_jibu DESC`

Hiyo p95 ni muda ambao maombi 95 kati ya 100 yaliyojibiwa hayakuuvuka. Hiyo `day` usiitoe kamwe, Athena inatoza kwa ukubwa wa data inayosomwa. Hesabu pia `elb_status_code` 460: huyo ni mteja aliyekata mwenyewe kabla ya jibu. Kwa mtandao wa ufukweni utawakuta, na wengine ni watu waliochoka kusubiri.

Mzee_wa_Ujiji
Hujambo binti. Kompyuta nazijua kidogo, dagaa nawajua. Usilinganishe wiki hii na wiki iliyopita ukadhani umepata kitu. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti, watu wanapumzika. Wiki iliyopita mwezi ulikuwa mpevu, sasa ni giza. Linganisha giza na giza.

BintiKibirizi
Shikamoo mzee. Hilo la mwezi ninalijua tangu utotoni, baba alikuwa mvuvi, lakini halikunijia hata mara moja nikiwa mbele ya skrini. Nimelirudia swali kwa giza la mwezi uliopita, na tatizo lilikuwepo vilevile.

Mnyamwezi, asante sana kaka. Majibu yamekuja na mikono ikanitetemeka. Karibu -1 zote ni za ukurasa wa kuingiza oda, na zote ni za `target_ip` moja, yaani anwani ya seva moja. Seva ya pili haina hata moja. Nikazigawa kwa dakika: zinaanza 06:00 kamili kila siku, zinakoma kama 06:40.

06:00 kamili! Binadamu hafiki kwa dakika kamili namna hiyo. Nikafungua kron ya seva ile, ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe. Kuna kazi ya ripoti ya mauzo, inasoma oda zote tangu mwanzo, niliipanga mwenyewe saa 3:00 nikikusudia saa 9 usiku, watu wamelala. Seva iko kwenye UTC. 03:00 yake ndiyo saa 12 yetu, mtumbwi wa kwanza unagusa mchanga.

Mnyamwezi_TBR
Ihamishe usiku huu huu. Na hiyo ripoti isome oda za siku moja tu.

BintiKibirizi
Nimeiweka 22:00 UTC, saa 7 usiku kwetu, na inasoma za jana peke yake. Sasa hivi nikiwa mlangoni naona taa za wavuvi zimejaa ziwani. Saa 12 nitakuwa Kibirizi, nisimame karibu na yule mama, niitazame simu yake.