Windows 7 ya dukani haifungui saiti na apdeti zimegoma, naomba msaada

uzi_na_sindano (Langoni, Lamu)

Asalam aleikum wadau, naombeni mnisaidie maana mi nshachoka. Nina kiduka cha darizi hapa Langoni, kanzu, mitandio, sare za madrasa, mambo hayo, na mashine yangu ya darizi inaongozwa na kompyuta moja ya zamani, Windows 7 biti 32, ram giga 2. Programu ya kuchorea ilikuja na mashine kwa CD na ina ki-USB chake cha leseni, usipokichomeka haifunguki, na nshajaribu kuieka kwa laptopu ya mdogo wangu ya Windows 11 ikakataa kabisa, ata draiva ya hicho ki-USB haikubali. Walioniuzia sai hawashiki simu. Kwa hivo kompyuta hii siitupi, hapo tuelewane kabla hamjaanza kuniambia ninunue mpya.

Sasa shida ni kwamba hio hio ndio natumia kwa kila kitu, wateja wananitumia michoro kwa WhatsApp naifungulia kwa brauza, barua pepe, mambo ya kodi, majirani nao wanakuja kuprinti vitu vyao. Tangu umeme ulipokatika usiku kucha juzi saiti karibu zote zinaleta ule ukurasa wa "muunganisho wako si wa faragha", nyengine zinafunguka nusu vitufe havibonyezeki, nyengine zinaniambia niapdeti brauza. Chrome nikiangalia ni 109 na inasema hakuna mpya. Windows Update nayo inazunguka weee alafu inatema kosa namba 80072EFE. Kuna kijana aliniwekea Windows upya mwaka jana kwa CD yake na nahisi tangu hapo hakuna apdeti ata moja ilioingia. Na oda za Maulidi ndio hizo zinakuja. Nianze wapi?

---

fundi_mkunguni

Waleikum salam dada. Kabla hujagusa chochote angalia saa na tarehe pale chini pembeni. Umeme ukikatika muda mrefu na ile betri ndogo ya duara kwa mazabodi imekufa (CR2032, zinauzwa ata maduka ya saa) kompyuta inaamka ikidhani ni 2009 au 2010. Kila saiti ya https ina cheti chake chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa kompyuta iko 2009 na cheti kimetolewa mwezi uliopita, brauza itaona hicho cheti hakijaanza kazi na itakufungia mlango. Ukurasa ule wa onyo soma maandishi madogo ya chini, ukiona NET::ERR_CERT_DATE_INVALID jua ni saa, huna haja ya kupiga ramli.

Na usingoje ijirekebishe yenyewe kwa intaneti, Windows 7 ya nyumbani ikikuta saa imepotea zaidi ya masaa 15 inakataa kuirudisha. Eka tarehe kwa mkono, mwaka pia uangalie sio saa tu, zone eka Nairobi, alafu nunua betri. Huku kwetu na hii hewa ya chumvi nikifungua mashine nakuta ata kile kishikio cha betri kina kutu ya kijani, so kisugue kwa spiriti kabla hujaeka mpya la sivo utarudi hapa hapa.

Hilo ni la ukurasa wa onyo. Za kufunguka nusu ni jambo jengine, ni brauza yenyewe imezeeka. Chrome 109 ilitoka Januari 2023 na ndio ya mwisho kwa Windows 7, hainunuliki hailazimishiki. Eka Firefox 115 ESR (yaani toleo linalotunzwa muda mrefu), ipo ya biti 32. Hio Mozilla waliiacha makusudi kwa watu wa Windows 7 na 8, walisema wataifunga 2024 kisha wakaisogeza mbele zaidi ya mara moja, kazi yake ni viraka vya usalama bila mapambo mapya. Uzuri mwengine Firefox inabeba orodha yake ya mamlaka za vyeti, haitegemei ile ya Windows. Mnakumbuka tarehe 30 Septemba 2021 simu na kompyuta nyingi za zamani zililia siku moja? Ni cheti cha mzizi walichokua wanategemea Let's Encrypt (wanaotoa vyeti vya bure kwa saiti nyingi), DST Root CA X3, kiliisha siku hio, na mashine ambazo hazikua na kile kipya, ISRG Root X1, zikaanza kukataa saiti ambazo hazina kosa lolote. Aliekua na Firefox hakuhisi kitu.

---

barani_malindi

Mi nitasema ule ukweli mnaouogopa, toa Windows 7 eka Linux, ule mfumo mwengine wa bure. Inaisha shida yote kwa mchana mmoja.

---

fundi_mkunguni

@barani_malindi soma swali mzee. Programu ya darizi na ki-USB chake cha leseni, kwa Linux utamwambia afanye nini, ashone kwa mkono? Wine, ile ya kuendesha programu za Windows ndani ya Linux, haiwezi vile vidude, nshajaribu kwa mashine ya mtu wa mabango nikaachana nayo.

---

barani_malindi

Sijasema afute bana, umeniwahi. Nasema hivi, chukua flashi, eka antiX, ni Linux nyepesi ina ya biti 32 na kwa giga 2 inatembea vizuri tu. Unaiwasha kutoka kwa flashi bila kugusa hardi diski, unafanya mambo ya intaneti, ukimaliza unarestati unarudi Windows yako ya darizi. Windows haijui kama ulikua na mgeni.

Alafu dada angalia kitu kimoja, sio kila kompyuta iliyoekwa Windows ya biti 32 ni ya biti 32. Nyingi za Core 2 Duo prosesa ni 64, fundi tu alikua na CD ya 32. Nenda Control Panel, Performance Information and Tools, kuna sehemu ya kuona na kuprinti maelezo, humo ndani imeandikwa 64-bit capable, ikiwa ni Yes umeokoka maana Linux za 64 ni nyingi na zitadumu. Ikiwa No basi antiX, na ujue njia inazidi kuwa nyembamba, Debian (Linux ambayo antiX imejengwa juu yake) toleo la 12 ndio ya mwisho kuwa na kisakinishi cha biti 32, Debian 13 haina, na Mozilla nao 2025 walitangaza wanaacha Firefox ya Linux ya biti 32, wakabakisha ile ESR 140 kwa muda.

---

uzi_na_sindano

Shukran sana nyote. Saa ilikua Januari 2009!! Nimerekebisha na ukurasa wa onyo umepotea saiti zote. Firefox nimeiweka, michoro ya wateja naiona, ingawa inajivutavuta nikifungua vitu vitatu vinne pamoja. Prosesa nimeangalia imeandika Yes.

Sasa hio Windows Update bado 80072EFE ata baada ya saa kua sawa. Hio naiachia au?

---

fundi_mkunguni

Usiiachie, kama mashine itabaki Windows 7 bora ifike pale ilipoishia kuliko kukaa tupu kama CD ilivotoka. Sababu ni kwamba CD za zamani zinakuja na kile kiapdeti cha zamani kisichoweza tena kuongea na seva za Microsoft. Na 2019 Microsoft waliacha kusaini apdeti kwa SHA-1 (njia ya zamani ya kuthibitisha faili ni la kweli) wakahamia SHA-2 peke yake, Windows 7 tupu haiijui sahihi hio, kwa hivo ata ukiipelekea apdeti kwa mkono itazikataa.

Kwanza hakikisha ina Service Pack 1 (furushi kubwa la apdeti za mwanzo), bila hio usiendelee. Alafu nenda kwa saiti ya Microsoft Update Catalog ukitumia hio Firefox, tafuta KB4490628 uieke, kisha KB4474419, urestati, alafu KB3138612. Chagua x86 maana Windows yako ni ya 32, haijalishi prosesa imesema Yes, watu wanachanganyikiwa sana hapo wanabeba x64 inawaambia haifai kwa kompyuta hii wanadhani faili mbovu. Baada ya hapo Windows Update itaanza kutafuta na itakaa muda mrefu kama imekufa, iache. Fanya usiku na wifi ya mtu kama unaweza kwa sababu ikianza kushusha bando lako litakwenda lote.

Ukiona ni kazi kubwa kuna kitu kinaitwa Legacy Update, ni mradi wa watu huru sio wa Microsoft, kinakufanyia hatua hizo zote na kinasaidia mpaka XP na Windows 2000. Nimekitumia, kazi yake safi. Lakini jua hakikuletei kipya, apdeti za bure za Windows 7 zilisimama 14 Januari 2020, na zile za kulipia za makampuni zikaisha Januari 2023.

---

mama_saiba

Nimesoma yote kimya lakini hapa lazima niseme kitu, mnamfundisha dada kuifufua mashine vizuri lakini hakuna aliemwambia asiifanyie kila kitu. Mi nina saiba hapa Malindi, flashi za watu zinaingia na kutoka siku nzima, vairasi nazijua kwa majina. Brauza mpya juu ya Windows isiyo na viraka ni mlango wa mninga kwa nyumba isiyo na ukuta wa nyuma. Ile WannaCry ya Mei 2017 haikupitia brauza, ilipitia kule kwa kushea mafaili ya Windows, inaruka yenyewe kutoka mashine hii kwenda hii, na wengi walioumia walikua ni Windows 7 zile zile, na kiraka chenyewe Microsoft walikua wameshakitoa Machi, watu hawakueka tu. Sasa fikiria mashimo yaliyopatikana baada ya 2023 ambayo hayana kiraka kabisa na hayatapata.

Kwa hivo dada yangu, kompyuta ya darizi iwe ya darizi. Toa waya wa intaneti, wifi zima. Michoro ipokee kwa simu au kwa hio laptopu ya mdogo wako, ipitishe kwa flashi moja ambayo haikopeshwi mtu, na hio flashi uiskani kwa Windows 11 kabla haijaingia. Uzima pia ile ya flashi kujifungua yenyewe. Majirani wa kuprinti uwape simu yako wakutumie, sio wachomeke flashi zao kwa mashine inayokulisha. Na mambo ya kodi, benki, paswedi yoyote ya pesa, usiyafanyie pale ata kama Firefox inafungua vizuri.

Na nakala ya ile CD unayo? Na mafaili ya darizi? Hardi diski ya umri huo haipigi hodi.

---

kijana_wa_shela

kuna Supermium pia, ni Chromium mpya iliotengenezwa iende mpaka XP, mi naitumia kwa laptopu ya babu iko poa sana kuliko firefox, youtube na yote

---

mama_saiba

@kijana_wa_shela ya kuangalia mpira na YouTube sawa mwanangu, mi sina ugomvi nayo. Lakini imeshikwa na watu wachache mno, siku moja wakichoka imekwisha. Sio ya kueka paswedi za duka.

---

uzi_na_sindano

Mama saiba umenipa la kufikiria, maana kweli hapa kila mtu anachomeka flashi yake. CD ninayo ila imekwaruzwa, nimeinakili leo kwa laptopu na imekubali alhamdulillah, mafaili nayo nanakili. Nadhani ntafanya hivi, apdeti nimalizie kwanza kama fundi alivosema, nikeshazimaliza waya unatoka, na intaneti iwe kwa Linux ya flashi au kwa simu. Ila fundi swali moja, nikitoa intaneti saa itapotea tena?

---

fundi_mkunguni

Betri mpya ikiwepo haipotei, inahesabu yenyewe ata umeme ukiwa umekatika. Itachelewa dakika chache kwa mwaka, kwa darizi haikuhusu. Ila ukiwasha ile Linux saa inaweza kuruka masaa matatu ukirudi Windows, kwa sababu Linux nyingi zinaeka saa ya mashine kwa UTC (saa ya dunia, iko nyuma yetu masaa matatu) na Windows inaeka ya hapa. Kwa Linux chagua itumie saa ya mtaa, imekwisha. Na kwa vile prosesa yako ni 64 chukua antiX ya 64, sio ya 32.

---

ustadh_wa_komputa

Samahani nadandia, nyinyi mko Windows 7, mimi madrasa tuna Windows 10 na inanilalamikia kila siku imefika mwisho. Nayo ndio ishakua ya makumbusho?

---

barani_malindi

Ustadh 10 iliisha sapoti 14 Oktoba 2025, lakini kuna mwaka mmoja wa nyongeza wa viraka mpaka 13 Oktoba 2026, nenda Settings sehemu ya Windows Update kuna maandishi ya kujiandikisha. Ni dola 30, au bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Lazima iwe toleo la 22H2 kwanza, andika winver kwenye Start utaliona. Chrome na Firefox kwa 10 bado zinakuja kama kawaida kwa hivo usiruhusu mtu akuuzie kompyuta mpya kwa kukutisha. Ikiwa hazikubali 11 tutafungua mjadala mwengine, hapa tusimjazie dada ukurasa.