Urithi wa Lamu ni majumba ya mawe au ni Maulidi?

Ndugu zangu, kila Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukikaribia hurudi hoja ile ile: Lamu iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa ajili ya majumba yake, basi fedha ziende kwenye kuta, na Maulidi waachiwe watu wa utalii wayapange. Mimi napinga.

Tazameni Maulidi haya yalifanya nini. Habib Swaleh, mwanachuoni wa dini, alitoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, akalowea Lamu mwishoni mwa karne ya 19. Elimu ya dini ilikuwa mikononi mwa koo kubwa za Mkomani, mtaa wa majumba ya mawe, ndani ya majumba haya haya tunayoyasifia. Yeye akasomesha mtaa wa pili, Langoni, akapokea wageni, mafukara, watumwa na wana wao, akaingiza na matari msikitini katika kusoma Maulidi ya Habshi, yaliyotoka Hadhramaut. Wakubwa wa mji walimpinga vikali. Hata hivyo Msikiti wa Riyadha ukasimama, na mtu aliyekuwa hahesabiwi kuwa wa mji akaingia kwenye zefe, yale maandamano ya Maulidi, bega kwa bega na masharifu, watu wa ukoo wa Mtume. Kwangu mimi, hapo ndipo ilipoamuliwa upya nani ni Mwamu, mtu wa Lamu. Hakuna ukuta uliofanya kazi hiyo.

Wanaosema Maulidi ni bidaa, uzushi katika dini, nawaheshimu. Hoja yao ni ya dini na ina wanazuoni wa kuijibu. Ninaobishana nao ni wanaotaka ratiba ifuate kamera. Mbio za punda na mashindano ya mashua sina ugomvi nayo, vijana wanayapenda. Lakini ziara ya kaburi la Habib na zefe zikianza kungoja saa ya mgeni wa hoteli, zitakuwa maonyesho tu. Na nyumba tunazijua: ngapi zimenunuliwa na watu wa mbali, zikakarabatiwa vizuri kabisa, na mwaka mwingi zimefungwa?

Napendekeza walimu wa Riyadha wawe na kauli ya mwisho juu ya ratiba, na sehemu ya fungu la urithi ilishe na kulaza wanaokuja kusoma Maulidi kutoka Tana, Mombasa, Unguja na Ngazija. Anayetaka kuta kwanza atwambie zinahifadhiwa ili akae nani. Na nyinyi wa Mkomani, mwaonaje?