Siku tatu za semina Raskazone, na mashine bado inasimama kwa kosa lilelile

Wanajukwaa, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja hapa Tanga. Mwezi uliopita wasimamizi 12 tulitolewa kazini, tukapelekwa kwenye hoteli ya ufukweni Raskazone kufundishwa uongozi. Tulipewa posho na vyeti, tukapiga picha ya pamoja. Wiki hii mashine imesimama usiku mara mbili, kwa kosa lilelile la siku zote.

Tatizo letu analijua kila anayeshika zamu, nalo ni makabidhiano. Anayetoka saa 12 asubuhi anawahi daladala, anaandika "hali shwari" kwenye daftari, na anayeingia anakuta beringi imeanza kupata moto bila kuambiwa neno. Mwezeshaji angesimama nasi saa moja tu wakati wa kupokezana, angeliona hilo kwa macho yake. Hakufika kiwandani hata mara moja. Alikuja na slaidi kuhusu maono ya kiongozi, na mojawapo ilikuwa bado inazungumzia wateja wa benki.

Kwa haki, mchana wa siku ya pili tuliigiza namna ya kumrekebisha kijana aliyekosea bila kumdhalilisha mbele ya wenzake, na hapo nilijifunza kitu. Zoezi hilo lilipewa dakika 40.

Mwishoni tuligawiwa fomu: ukumbi ulikuwaje, chakula kilikuwaje, mwezeshaji alieleweka? Wote tulijaza "vizuri sana", maana fomu zilikusanywa kabla ya posho kutolewa, na sasa ofisi ya rasilimali watu inazionyesha kama ushahidi kwamba mafunzo yamefanikiwa. Tangu mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alikwisha kueleza kwamba mafunzo hupimwa kwa mambo manne: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, mwenendo wao kazini umebadilika au la, na taasisi imepata matokeo gani. Sisi tuliishia kwenye la kwanza. Hata jaribio la maswali matano hatukupewa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba niliporudi nilimwomba meneja zamu mbili zipishane kwa dakika 15, ili makabidhiano yafanyike mbele ya mashine yenyewe, naye akanijibu kwamba semina imekwisha, turudi kwenye uzalishaji. Kama kosa limo katika ratiba, semina ya nini?

Ninachodai ni kidogo. Yafunguliwe madaftari ya zamu ya miezi mitatu kabla ya semina, na baadaye ya miezi mitatu baada yake, ihesabiwe mashine ilisimama mara ngapi na kwa sababu gani. Madaftari yapo stoo, hayahitaji bajeti.

Wenzangu wa viwandani, bandarini na mashamba ya mkonge, yupo aliyewahi kumwona mwezeshaji akirudi kukagua kama kazi imebadilika? Kama yupo, naomba atueleze alikagua nini.