Kiyidishi, Kigogo na mtoto wangu

Baba wa Kikuyu: Mbukwenyi wakuu. Jumapili mama alikuja hapa Dodoma kutoka Mpwapwa, na furushi lake la mlenda mkavu. Akamsalimu mjukuu kwa Kigogo. Mtoto akanigeukia: "Baba, bibi anasema nini?" Niliona haya mbele ya mama yangu. Usiku nikawa nasoma habari za Wayahudi wa Ulaya Mashariki na Kiyidishi chao. Hivi wajukuu wasiokijua bado wanahesabiwa Wayahudi?

Zuzu Stesheni: Wanahesabiwa mkuu. Kuna dini, kuna ukoo, kuna sikukuu. Wayahudi wa Yemeni na Ethiopia hawakuwahi hata kukisema. Kiyidishi ni ndugu wa Kijerumani, kina maneno ya Kiebrania na ya Kislavi, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Kabla ya Vita ya Pili ya Dunia wasemaji walipita milioni 10. Wanazi wakaua Wayahudi milioni 6, wengi wao wasemaji wake. Wenyewe hukiita mame-loshn, lugha ya mama (nawe umeanza na mama yako!).

Dada wa Kongwa: Sweden ilikitambua rasmi mwaka 2000, sawa, ila karatasi hailei mtoto. Wahasidi (Wayahudi washika dini sana) wa Brooklyn, New York, wanakisema na watoto wao mezani, kila siku. Kaka, wewe nyumbani unasema nini?

Baba wa Kikuyu: Kiswahili tu, dada. Mama yupo hadi Ijumaa, nimemwomba asimtafsirie mtoto chochote. Jana kamtuma maji, kaletewa kiatu.